Yai la Pasaka kizingitini

Marhoon, nimekwisha.

Shangazi Nasriya kapamba sebule kama nyumba za shamba za Ufaransa, eti anakaribisha majira ya kuchipua. Maskati hii, kwa joto hili! Mapazia ya maua, kikapu cha mayai ya Pasaka yaliyopakwa rangi. Pasaka, Marhoon! Kwetu!

Leo wamekuja kumposa dada Aliya. Mama wa bwana harusi kafika mlangoni, kaona yai limechorwa macho. Kizingitini!

"Mmetutegea uchawi! Tunarudi!"

Aliya akaanza kulia.

Shangazi akanisukuma mbele: "Pambo tu, bibi. Amur atalila hapa hapa."

Nimelitafuna na ganda lake. Posa imekubaliwa.

Lingemenywa, wangeona ni bichi. Nililitega mwenyewe, limpasukie shangazi mguuni.