Urefu wa Rukia

Jumatatu, 12 Mei 1986
Vidonge viwili baada ya daku. Zaina kasimama mbele yangu na gilasi ya maji. "Fungua mdomo, dada." Nikafungua. Mimi Hadija, fundi wa cherehani, niliyemfundisha mdogo wangu huyu huyu kutunga uzi, leo ananichungulia mdomoni kama anakagua mbuzi wa kununua.

Mkono unatetemeka. Ni dawa. Daktari alisema nisipomeza nitapanda juu tena, halafu nitaanguka tena. Yeye si fundi.

Mwanangu Rukia kaamka, kaita "Mama." Nikaitika. Kumbe alikuwa anamwita Zaina.

Jumatano, 14 Mei
Wivu. Naliandika neno lenyewe, hapa nyuma ya daftari la vipimo ambapo hasomi mtu. Miezi kumi niliyolazwa kule kwa wagonjwa wa akili, Zaina alilala kitandani kwangu, akakalia kiti changu cha cherehani, akamlea mwanangu. Miezi miwili sasa nimerudi na bado mtaa mzima wa Nyamirambo unamsifu. Zaina ana moyo, Zaina ana moyo. Mimi nina nini, figo?

Jumamosi, 17 Mei
Zaina kanunua kitambaa cha kijani. Gauni la Idi la Rukia. Hakuniuliza! Haya. Mimi ninacho cha waridi, nilikiweka sandukuni kabla sijaugua. Tutaona siku ya Idi mtoto atavaa la nani.

Shida ni mkono. Nimeshindwa kutunga uzi mara nane. Zaina akaichukua sindano, akatunga mara moja. Akanirudishia, akaendelea na kazi yake. Afadhali angenicheka.

Jumatatu, 19 Mei
Kidonge chini ya ulimi. Akigeuka tu, nakitema, nakisukuma chini ya mkeka. Rahisi.

Ijumaa, 23 Mei
Mkono umetulia! Alhamdulillahi. Kanzu tatu tangu alfajiri, mshono umenyooka. Sina usingizi, sina njaa, swaumu naiona ya kitoto.

Nimekata gauni la waridi. Rukia sikumpima, ni siri, na namba zake ninazo ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wangu. Urefu wa gauni, sentimita 58. Mwanangu namjua.

Jumapili, 25 Mei
Nitafungua duka Gitega. Na lingine Bujumbura. Mafundi ishirini, wote wanawake. Mama Sauda kaleta kitenge chake cha Idi nimshonee gauni, nimekikata vitambaa vya meza. Vimependeza! Hajui kinachomfaa.

Nimemwambia Zaina ananiibia mtoto. Mbele ya wateja. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nikarudia kwa Kinyarwanda asiyesikia asikie. Akalia. Nikafurahi.

Jumanne, 27 Mei
Kichwa hakizimiki. Nikashuka bondeni kwa yule mama wa urwagwa. Mchana kweupe, mwezi mtukufu, mtandio kichwani. Kikombe kimoja tu cha pombe ya ndizi, nitulie. Vikawa vinne. Kisha akanitolea waragi, ile kali. Hata mara ya kwanza, kabla sijalazwa, nilianza na kikombe kimoja.

Alhamisi, 29 Mei
Waragi. Sikushona.

Jumamosi, 31 Mei
Nilishindwa kungoja Idi. Nimemwita Rukia nimvalishe. Nilikuwa nanuka, najua. Gauni halikupita mabegani. Nikalivuta. Likachanika kwapani, na chini likaishia juu ya magoti. Nikamfokea asimame wima. Nikamuuliza nani kamrefusha.

"Nimekua tu," akasema, kisauti kidogo. Akamkimbilia Zaina.

58 ni ya mwaka jana. Miezi miwili naishi naye nyumba moja, nalala naye chumba kimoja, namwangalia anamkumbatia nani, anamwita nani. Yeye mwenyewe sikumwangalia. Fundi gani asiyeona mtoto kaongezeka?

Jumanne, 3 Juni
Chini. Siinuki.

Zaina kaniogesha. Kachana nywele zangu. Kaniambia amekunja mikeka afagie, ameviona vidonge vyote. Hakupiga kelele. Akanipa viwili na maji, akageukia dirishani. Hakukagua mdomo.

Nimemeza. Namchukia kwa mikono yake isiyotetemeka.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekaa kitandani. Mkono umeanza tena.

Mama Sauda kaja kugomba, haki yake. Niliyasikia yote. Umusazi, akasema, mwenda wazimu, na mlevi juu yake. Zaina akampa kitenge kipya alichojinunulia yeye kwa Idi, akaahidi kumshonea kwa mkono wake.

Jioni nikamuuliza Zaina gauni la kijani amefikia wapi. Akatoa kitambaa sandukuni. Kimekunjwa vile vile, hakijaguswa mkasi. "Nilikinunua ukishone wewe, dada. Nilikuwa nangoja mkono wako."

Na siku tatu zimebaki Idi! Hata wema wake unaniudhi. Nililia mpaka adhana ya magharibi.

Jumamosi, 7 Juni
Rukia akakataa kunisogelea. Sikumvuta. Nikakaa chini na futi yangu ya kupimia mapajani, nikangoja. Nikangoja sana. Zaina akawa anachambua mchele, hakumsukuma.

Akaja mwenyewe. Kanigeuzia mgongo, mikono kaishusha, wima. Futi ilitetemeka juu ya mgongo wake, akacheka, inamtekenya. Nikasoma namba, Zaina akaandika.

Zaina kashika kitambaa, mimi nikakata.

Jumatatu, 9 Juni
Idi. Vidonge viwili na chai ya asubuhi. Bondeni sijaenda siku tisa. Leo koo linataka.

Gauni la kijani limemfika Rukia chini ya magoti. Mshono wa kushoto umepinda, mtu yeyote mwenye macho ataona. Kaenda kuswali, mkono wake ndani ya mkono wa Zaina, na Zaina kavaa gauni la mwaka jana. Mimi nimebaki na sufuria ya pilau. Bado namwonea wivu. Nimewaangalia mpaka wakakata kona.

Nimefungua ukurasa wa kwanza. 58 ina mstari juu yake. Chini yake, Rukia, urefu 67. Mwandiko ni wa Zaina. Nimeuacha.