Ni Saa Ngapi Kwenu?

Yaya Faustin, mukubwa na mwalimu wangu,

Nakuandikia juu niko na woga, na mutu wa kuambia mambo ya namna hii ulikuwa ni weye tu. Naandika haraka. Usicheke herufi zangu.

Tangu tulikuzika, nimebaki peke yangu na programu yako, ile inapokea mesaje za wamama wa Bule na wavuvi wa Tchomia, inazituma ku telefone za washofere na wachuuzi hapa Bunia: njia iko muzuri, ao musikuje. Watu wanasema amani imerudi. Lakini mbele ya kupanda gari, wanaangalia kwanza telefone.

Ordinateri yako, ile kompyuta ya zamani, ilianza kuzima yenyewe. Basi, iko wiki mbili sasa, nilihamisha kontena, lile sanduku lenye programu yote ndani, nikaiingiza ku sisteme mupya ya kuchunga makontena. Weye ulikuwa unaandika amri moja moja, unanung'unika. Huku ni kufinya tu. Sisteme iliniuliza maswali, nikajibu, taa ikawaka rangi ya majani. Yaya, nilijisifu! Nikasema, munafunzi wa Faustin iko na mayele, iko na akili.

Jana ilikuwa siku ya soko ya Bule. Bibi yako, mujane wako Mama Neema, alipanda gari ya kwenda kule na samaki yake huit heures et demie, saa mbili na nusu. Mesaje ya Bule, "Musikuje, watu wa silaha iko ku njia," ilitumwa huit heures, saa mbili kamili. Hapa ilitoka neuf heures, saa tatu.

Shofere mumoja alinipigia, anafoka: "Munatuambia sasa? Wenzetu wamekwisha kwenda!" Nikaangalia rezo ya telefone: iko. Unité za kutuma mesaje: iko. Namba za watu: zote zilihama. Nikazima kontena, nikawasha tena. Taa rangi ya majani. Nilitamani kuivunja ile taa! Mwisho nikafungua daftari ya programu, pale inaandika kila kitu inafanya. Mesaje imepokelewa sept heures, saa moja. Mesaje imeandikwa huit heures. Saa yake haijafika, ingoje.

Ilikuwa ni saa, Yaya. Kwako kontena ilikuwa inafuata saa ya ordinateri. Sisteme mupya iliniuliza saa ya wapi, Kinshasa ao Lubumbashi, na mimi nikafinya Kinshasa, na Bunia inafuata saa ya Lubumbashi. Redio ya Kinshasa ikisema saa, siye hapa Bunia tunaongeza moja ndani ya kichwa, hata mutoto anaongeza, bila kufikiri. Nilisahau kama mashini haiongeze. Wiki mbili kila mesaje ilichelewa vile, na hakuna mutu aliona, juu kila siku ilikuwa tu "njia iko muzuri".

Sasa ndio naelewa. Kila asubui ulikuwa unapigia Mama Dorika wa Bule, anayetutumia mesaje, unamuuliza, "Ni saa ngapi kwenu?" Anakucheka: "Muzee iko na saa ku mukono, anatuuliza siye!" Na mimi nacheka naye. Nilifikiri ni salamu yako. Sikuona kama macho yako iko ku saa ya ekrani ya ordinateri. Nilipohamisha, nikaacha kupiga. Nilifikiri taa inatosha.

Mama Neema alirudi kwa miguu, bila viatu, bila samaki. Walikuta watu wanakimbia, wakaruka toka ku gari, akalala ndani ya shamba ya muhindi. Wale wa silaha wanapita karibu, anaona mabuti yao. Ndio mesaje yangu ikafika. Telefone ikalia, Yaya. Ikalia chini ya tumbo yake! Aliikandamiza na mwili yote mpaka ikanyamaza. Hawakusikia. Mungu wangu, hawakusikia.

Kisha akanishika mukono, akasema: "Ni rezo tu ilichelewesha mesaje. Aksanti, munatuchunga." Nikanywa chai yake, sikumuambia kama ni mimi.

Nimerudisha saa. Nimejaribu mara kumi, mesaje zinatoka palepale. Lakini woga haitoki. Kila mara ekrani inanyamaza, najiuliza: ni amani, ao ni mimi?

Leo asubui nilipigia Mama Dorika. "Mama, ni saa ngapi kwenu?" Akasema, "Tulifikiri ile swali mulizika naye." Akanipa saa. Ilikuwa sawa na ya ekrani, na mimi nikalia kabisa.

Nakuahidi, kila asubui nitauliza, hata wanicheke mpaka nizeeke. Pumzika, Yaya. Nafunga barua, navaa viatu, naenda ku mutaa ya Saio, ku nyumba yenu, kumuambia bibi yako ni nani aliliza telefone ndani ya muhindi.

Munafunzi wako,
Furaha