Tarumbeta Moja, Rangi Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba ameniletea tarumbeta. Langu mwenyewe! Si lile la shule, ambalo kibonyezo chake cha pili kikishuka hakitaki kupanda tena, kama mtu mzima aliyezama kwenye sofa.

Limetumika. Lilikuwa la mtu fulani wa bendi fulani, Mjomba hajui zaidi ya hapo. Vanishi yake ya dhahabu imebanduka mabakamabaka, na pale mkono unaposhika pamekuwa rangi ya chai. Mjomba anasema nisijali, atanipeleka kwa fundi lipakwe upya. Gharama zake. Kazi yangu ni moja tu, kuchagua rangi.

Kazi moja tu. Anamwambia nani? Mimi niliyevaa viatu vya kubana kwa muhula mzima, kwa sababu muuza duka aliniuliza kama vinanitosha nami nikaitikia kwa kichwa.

Shuleni tunasoma kwa lugha mbili. Maana yake ni kwamba mimi ni bubu wa lugha mbili.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi. Karakana yake iko nyuma ya duka la baiskeli, chumba kimoja kirefu, kinanuka mafuta ya taa na chuma cha moto. Ukutani kaning'iniza vipande vinne vya bomba kwa kamba, vya kuonyesha wateja. Dhahabu, yaani vanishi. Fedha, ya kuchovya. Nyeusi, iliyofifia kama ubao wa darasani. Na cha nne hakina kitu, shaba tupu, imepigwa na hewa mpaka imekuwa kahawia.

Mjomba akachukua kijiko akavigonga kimoja kimoja. Akasema sikilizeni fedha inavyolia, kengele kabisa!

Fundi hata hakuinua kichwa. "Hiyo umeigonga kwa nguvu zaidi, mkubwa."

Mjomba akacheka, kisha akanigeukia. "Fedha, au siyo, mpwa wangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ningefanyaje? Mtu kakununulia tarumbeta.

Lakini fundi ana kadi za manila, kila chombo na kadi yake, na kwenye ile yangu pale palipoandikwa RANGI hakuandika kitu. Akasema yeye huandika anachotamka mpigaji kwa mdomo wake. Si mnunuzi, si mzazi. Mwaka juzi aliandika neno la baba mtu, akachovya fedha toka juu mpaka chini, na mtoto akawa analivalisha tarumbeta soksi ya mpira asilione.

"Lakini si kaitikia?" Mjomba akasema.

"Kichwa hakipulizi," fundi akasema. "Mdomo ndio unaopuliza. Utakapokuwa tayari, uje uniambie. Jumamosi ya tarehe kumi na tano ndiyo mwisho, nikipita hapo Siku ya Wazazi itanikuta bado nasugua."

Siri, hapa tu: nilitaka nyeusi. Mtu mwenye tarumbeta jeusi, sare nyeusi, amekaa mstari wa nyuma, nani atamwona? Hata mimi mwenyewe ningejitafuta.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mwalimu wa bendi (sisi tunamwita Mstari, kwa sababu hilo neno halimtoki mdomoni) kanitoa nyuma kaniweka mbele. Yule aliyekuwa apige solo kafungwa bandeji, kaanguka na baiskeli, mdomo umevimba. Kwa hiyo solo ni yangu. Baa nane za muziki, peke yangu. Siku ya Wazazi, tarehe ishirini na mbili. Mbele ya wazazi wa shule nzima.

Nilitaka kusema siwezi. Nikaitikia kwa kichwa.

Halafu akasema amesikia nina tarumbeta langu linapakwa. Vizuri. Lazima liwe dhahabu, mstari wa mbele wote ni dhahabu. "Usije ukanitia jino la fedha katikati ya meno ya dhahabu, sawa?"

Nikaitikia.

Mbili hizo.

Ijumaa, 7 Machi

Nne sasa. Naandika jinsi ilivyotokea ili baadaye nisijidanganye.

Jikoni, Mama anakunja nguo. Anasema ameambiwa kuna ya nyeusi, basi tuchukue hiyo. Haionyeshi alama za vidole. Haionyeshi uchafu. "Ndiyo maana soksi zako zote nanunua nyeusi."

Mimi nyeusi nilikuwa naiota! Lakini kusikia ndoto yako imewekwa kabati moja na soksi kunauma kidogo. Nikaitikia hata hivyo, na mara hii nilikuwa mkweli, angalau nusu.

Kisha Bibi akaniita sebuleni. Bibi ndiye anayesugua kila chenye asili ya shaba humu ndani. Vitasa vya milango. Funguo. Hata kengele ya getini, ingawa haijalia tangu nizaliwe. Akanishika mkono. "Mjukuu wangu, mwambie huyo fundi aache shaba kama ilivyo, asiipake chochote. Mimi nitakuwa naisugua kila Jumamosi. Nipate kazi ya maana. Vitasa vimeshanichosha, havina shukrani."

Mtu ana macho ya namna ile anakuomba, utasema hapana?

Nikaitikia.

Tarumbeta moja. Rangi nne. Shingo yangu inauma.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kapiga simu nyumbani wakati tunakula. Mama kaweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta.

Fundi kauliza, kwa upole kabisa, kama tuna tarumbeta moja au manne. Maana siku ya Ijumaa mwanamume mmoja mwenye sauti kubwa alimpigia kusema mtoto kachagua fedha. Jumamosi asubuhi mwalimu fulani akasema mtoto kachagua dhahabu. Jumamosi mchana mama mmoja, nyeusi. Na jana bibi mmoja alimpigia mara mbili, ya pili kuhakikisha kwamba ile ya kwanza ilifika.

Vijiko vyote hewani.

"Kwangu aliitikia," Mama akasema.

"Kwangu pia," Mjomba akasema.

"Kwangu aliitikia huku ananitazama machoni," Bibi akasema, kama vile hiyo ni muhuri wa mahakama.

Nikasema nina kazi ya hesabu ya kumalizia. Nikaacha chakula! Nilikuwa na njaa sana, nakiri. Nikawasikia kupitia ukutani. Mjomba akisema mnunuzi ni yeye. Bibi akimjibu kwamba aliyemzaa mnunuzi ni yeye. Mama akisema na atakayefua sare ikichafuka ni nani? Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Nisiwalaumu, wangeuliza ningeitikia.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimekwenda kwa fundi peke yangu. Nilipanga kumwambia nyeusi, niwe nimemaliza, liwalo na liwe.

Nikalikuta tarumbeta limevuliwa. Vanishi yote ya zamani imetoka, kwa sababu rangi yoyote utakayotaka ni lazima aanze kwa kuivua ile iliyopo. Lilikuwa limelala juu ya taulo karibu na dirisha.

Sijui niandikeje. Kumbe halikuwa rangi moja! Bomba la kipulizo ni la njano, lakini mdomo wake mpana una wekundu, kama sikio la mtu ukilitazama dhidi ya jua. Kuna mshono unaopita kwa urefu, mwembamba, wa fedha, pale alipounganisha yule aliyelitengeneza. Kuna kiraka kidogo chenye umbo la kucha. Kuna mkwaruzo. Vyote hivyo vilikuwa chini ya vanishi na hakuna aliyevijua.

Fundi akaniambia lipulize, aone kama kuna panapovuja. Nikapiga noti moja, ndefu. Nikapiga solo nzima. Baa zote nane, bila kukosea, na ile ya sita ndiyo huwa inanishinda.

Nikauliza — mimi, sentensi nzima — kama ni kwa sababu ya kuwa tupu ndiyo maana linalia hivi.

"Hapana," akasema. "Rangi hailii. Wateja wangu wakijua hilo nitafunga duka, kwa hiyo usiwaambie. Limelia hivyo kwa sababu ulijua nimekupa mgongo."

Nikacheka. Naye pia.

Nikauliza tena: likiachwa tupu litakuwaje? Akasema litaanza kubadilika siku ileile. Litakuwa kahawia, litakuwa na madoa, na pale ninaposhika litashika umbo la mkono wangu, si la mwingine. Baada ya mwaka hata likichanganywa na mia nitalijua. Akasema pia vidole vitanuka shaba, nisije kumlaumu.

Hilo ndilo nalitaka. Nalitaka kuliko nyeusi.

Tatizo: mstari wa mbele, matarumbeta matano ya dhahabu na moja la rangi ya kikaango. Watu wote watamtazama nani? Mimi niliyetaka kufichwa nimependa kitu kitakachonionyesha kuliko vyote. Nina akili kweli?

Fundi akachukua kadi na kalamu ya risasi. "Haya, rangi?"

Na hapo hapo akaingia mteja na filimbi yake. Nikasema nitarudi Jumamosi na Mjomba. Nikatoka mbio.

Mjinga mimi. Mjinga wa lugha mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya mazoezi. "Nataka shaba tupu." Mbele ya kioo, mara kumi. Kwa bomba la maji likiwa wazi, mara ishirini. Nikajaribu kwa lugha ya darasani, huko inatoka vizuri zaidi, kama vile ni mtu mwingine anasema. Lakini Bibi haijui lugha hiyo, na sitaki kuonekana nimejificha nyuma yake.

Faraja yangu moja: Bibi yuko upande wangu. Nikisema tupu, angalau mmoja atafurahi. Naweza kusimama karibu na kiti chake.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye karakana, nimekaa juu ya kreti nyuma ya mlango. Wanadhani nafanya kazi ya shule.

Wamekuja wote. Mjomba, Mama, Bibi. Na Mstari naye yumo! Kaleta ngoma kubwa ya shule kushonwa, anasema ni bahati tu. Chumba hakitoshi, Bibi kapewa kiti, Mama amekalia ndoo.

Bibi kanisaliti. Njiani Mjomba kamwambia fedha nayo huwa nyeusi usipoisugua, tena yahitaji kusuguliwa mara mbili kwa wiki. Mara mbili! Bibi kahama hapohapo. Sasa ni fedha watu wawili, dhahabu mmoja, nyeusi mmoja. Tupu haina mtu.

Tarumbeta liko palepale kwenye taulo. Siku tatu tu na tayari lina alama ya kidole changu gumba, kahawia, karibu na kibonyezo cha kwanza. Mama kaiona. Kasema mnaona, uchafu. Kachukua ncha ya khanga kuifuta.

Nikasema, "Mama, usifute."

Kaacha. Ameshangaa kidogo. Kisha wakaendelea kubishana. Mstari anasema mstari. Mjomba anasema mnunuzi. Fundi anang'arisha kitu cha mtu mwingine kwenye mashine ile ya gurudumu la kitambaa, inapiga kelele kama lori mlimani, na wao wanabishana juu ya kelele hiyo.

Nimesimama. Nikaenda mpaka kando ya fundi. Nikasema.

Nimesema! Maneno yote matatu, kwa mpangilio wake.

Nikarudi kwenye kreti, naandika haraka. Hakuna aliyegeuka. Mjomba bado anaeleza kengele.

Fundi ananitazama. Kavua miwani. Kaonyesha sikio lake, kisha mashine, akatikisa kichwa: hakusikia. Kachukua kadi yangu, kaiweka juu ya goti, kalamu mkononi.

Kwa sauti kubwa, ili wote wasikie, kaniambia ngoja azime mashine nirudie.

Gurudumu linapunguza mwendo. Mjomba kanigeukia. Mama kanigeukia. Mstari pia.

Limebakiza kuzunguka kidogo tu. Naweka kalamu chini, nasimama kurudia.