Nyumba ya Wanaorudi Kutoka Migodini

Tunduma, Juni 1954

Mpendwa Mshauri,

Nimesoma majibu yako kwa wenzangu na leo naomba unisaidie na mimi, kwa sababu hapa kila ninayemuuliza ananijibu ya kunifurahisha tu, kama mtu anayetaka chai ya bure.

Kwetu ni Isongole. Mume wangu Enoka alikwenda kwenye migodi ya shaba Rodesia ya Kaskazini kama wanaume wengi wa kwetu, akafanya kazi chini ya ardhi, akarudi na baiskeli mpya na mablanketi na sanduku la nguo, na alipovuka mpaka akalala kwenye kilabu cha pombe hapa Tunduma, alipoamka hana kitu, akaona haya kuja nyumbani mikono mitupu, akabaki hapa akibeba mizigo ya watu, mpaka mimi nikasikia kwa jirani kwamba yuko hai, nikamfuata na mtoto mgongoni. Sikumlaumu. Nilimwambia, “Hapa inatakiwa nyumba ambayo mtu anayerudi atakula, atalala, na asubuhi ataondoka na vitu vyake vyote.” Akasema, “Basi tuijenge.”

Tukaijenga kwa matofali mabichi, nikawa napika uji wa ulezi na maharage na viazi, tukatenga chumba kimoja chenye kufuli kwa masanduku ya wageni, pombe hatukuuza, na habari zetu zikafika mpaka migodini, wanaume wakawa wanashuka kwenye malori na kuuliza, “Kwa mama Felista ni wapi?”, hata kabla ya kuulizia maji.

Mwaka jana Enoka alivuka ng’ambo ya mpaka akaona hoteli yenye gramafoni na watu wanacheza dansi, akarudi na gramafoni. Mimi sikuona ubaya. Baada ya muda kidogo ikaja pombe, akasema, “Felista, watu wanakuja wenyewe, tuwape wanachotaka,” kisha pombe ikakosa mahali pa kukaa, akaihamishia kwenye chumba cha kufuli, masanduku ya wageni yakawa yanalala chini ya meza. Sikusema neno, Mshauri, kwa sababu nyumba ilikuwa inajaa na mimi pia nilifurahi kuiona imejaa.

Kabla ya mavuno akaja kijana mmoja wa milimani Ileje, anaitwa Lwitiko, amembebea mkewe cherehani ya mkono. Akanywa, akacheza, asubuhi cherehani haipo. Tulitafuta kila mahali. Hakutukana mtu, akapanda lori linalorudi kusini migodini badala ya kwenda kwao. Wiki chache baadaye akaja mwanamke mmoja kwa miguu, akasimama mlangoni.

“Wewe ndiye Felista?”

“Ndimi, karibu ndani.”

“Mimi ni Jenista, mke wa Lwitiko. Alisema atalala kwako. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi.”

Nikamweleza yote. Aliuliza jambo moja tu, kama mumewe aliondoka akiwa mzima. Nikamwambia alikuwa mzima. Akanywa maji, akashukuru, akarudi kwao.

Nilipomwambia Enoka alisema, “Mimi si polisi. Mtu mzima akilewa ni shauri lake.” Hayo aliyasema yeye, aliyeibiwa kilabuni akiwa amelewa. Sasa wanaorudi wanatupita, wanakwenda kulala kwenye kibaraza cha kanisa, na wanaojaa kwetu ni watu wa hapa hapa. Enoka anataka kuongeza duka la nguo na mashine ya kusaga, anasema nyumba ikifanya kila kitu haitakosa watu. Mtu akiniuliza leo nyumba yetu ni ya kazi gani, sina jibu. Je, nimfuate mume wangu, au nirudi Isongole nikalime?

Ni mimi,
Felista

MAJIBU

Felista,

Pole kwa yaliyokupata. Mengine umeyaruhusu mwenyewe, na hayo sitakupa pole.

Kumfuata mume au kurudi shambani ni maswali ya mtu aliyechoka. Swali lenyewe umeliandika mwishoni, kwamba nyumba ni ya kazi gani, na jibu ulilitoa siku ile mlipokuwa hamna hata tofali moja. Uji unapikwa njia nzima. Nyinyi mliuza kitu kingine: mtu afike kwao na mali yake. Kama ungeendelea kulijua hilo, usingehangaika na gramafoni. Ungejiuliza tu, je, hii inamsaidia mgeni kufika? Muziki wa jioni, sawa. Pombe, hapana. Chumba cha kufuli kuwa ghala la pombe, hapana kabisa, na siku ile ndiyo ulipaswa kusema. Ulinyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi. Hukutazama ni watu gani.

Enoka naye usimfanye shetani. Mtu aliyeibiwa akiwa amelewa huenda hapendi kuona sura yake ya zamani ikishuka kwenye lori kila jioni. Simjui, labda nakosea. Muulize mchana, mkiwa wawili. Usianze na habari za Lwitiko, anza na jinsi yeye alivyobeba mizigo ya watu, na wewe ulivyokuja kumchukua. Kisha mwambie wazi kwamba hutaki pombe chini ya paa hilo. Akitaka kilabu, akaombe ruhusa bomani ajenge mbali na mlango wako. Duka na mashine vingoje; nyumba iliyosahau kazi yake ya kwanza haitaponywa na kazi ya tatu.

Chumba kisafishwe, kufuli irudi, ufunguo ukae kwako.

Halafu panda milimani kwa Jenista. Usitume mtu. Mwambie mlipokosea, usimlaumu mumewe mbele yake. Kila mtu anayekwenda migodini akipita kwako, mpe salamu za kumpelekea Lwitiko: mke wake alifika Tunduma akaulizia uzima wake, cherehani hakuitaja. Huyo kijana anadhani hawezi kurudi. Wewe ndiye unayejua kwamba anaweza, na umekaa nalo kimya.

Enoka akikataa yote haya, Isongole usirudi bado. Tafuta chumba kimoja karibu na malori yanaposimama, kiwe na mlango imara, upike. Kikiwa na kazi moja tu, kinakutosha. Anza Jumatatu.

Mshauri