Habari Yenye Mwape Hakusema

Élisabethville. Siku ya kwanza, 2 juin 1952
Baridi tena. Kazi mu magazini, kuandika mizigo, kurudi. Kisha Kingereza kwa Mwape, fundi wa nguo hapa Kamalondo. Yeye ni Mubemba wa Ndola, kule kwa Bangereza. Kingereza yake ni ya njia, si ya kitabu. Ananifundisha huku anashona. Leo alisema Bangereza banapenda maneno yenye kuvuta mukia: hope that, fact that, news that. Tumaini kama. Hakika kama. Habari kama. Ukinyamaza pale, bantu banangoja mukia. Yeye anatupa kichwa, miye ninaweka mukia. Niliweka: tumaini kama bibi yangu Monika atazaa muzuri, tumaini kama nitapata kazi Ndola na tutaikala pamoja. Mwape alicheka. Ee shemeki, kila tumaini yako ni Monika tu! Ananiita shemeki, shemeji, juu Monika ni wa kwao. Monika iko kule Ndola kwa mama yake, juu kwa Babemba mutoto wa kwanza anazaliwa kwa mama. Bila Kingereza hakuna kazi ya karani kule. Njo maana ninasoma.

Siku ya tatu, 4 juin
Leo belief that. Imani kama. Niliweka: imani kama mutoto ni mwanaume. Mwape alisema na mwanamuke ni mutoto. Bon. Fransé ya ba Père ba misioni haikunitesa hivi, Kingereza inaumisha ulimi. Lakini niko na furaha, siwezi kudanganya.

Siku ya tano, 6 juin
Treni ya Ndola ilifika. Mwape alienda gare kupokea bitambaa. Mangaribi nilimukuta mbele ya mashini, mashini kimya. Hakuniangalia. Hakuniita shemeki. Alinipa promise that, idea that, haraka haraka. Nikasema, na news that, habari kama, hatuifanyi? Alisema ile tutaiacha. Alitia uzi mu sindano, akakosa, akatia tena. Kisha eti kichwa inamuuma. Muongo. Nilirudi na kasirani.

Siku ya posho, 7 juin
Bibi ya Mwape aliniletea bukari, ugali ya kwetu, na samaki. Haijatokea hata siku moja. Alitia sahani chini, akaenda mbio sawa vile muntu mwenye kuiba. Majirani banasalimia chini chini. Miye si mupumbavu. Kwetu Baluba na kwa Babemba ni sawa: habari ya kilio haisemwi na kila muntu. Jirani hana ruhusa. Ni lazima ndugu, mukubwa, na bantu ba kukushika. Mwenye kuitangulia, banasema yeye njo aliroga. Kama Mwape anajua kitu, ataifunga mu kinywa mpaka bakubwa bafike. Sitaki kufikiri. Ninafikiri tu.

Siku ya Mungu, 8 juin
Misa. Sikusikia hata neno moja. Nilienda kwa Mwape, nikamushika shati. Sema! Aliangalia chini. «Mugonjwa. Mugonjwa kidogo. Ungojee bakubwa.» Mugonjwa kidogo! Nani hajui ile maana yake? Nilimutukana mpaka mama yake. Angejibu, ningemupiga, ningepumua. Ninamuchukia.

Siku ya pili, 10 juin
Mujomba ya Monika alifika na treni. Yaya yangu, mukubwa wangu, alitoka Kenya, cité ingine ya hapa Élisabethville, akaingia naye. Mwape nyuma yao. Balinikalisha chini, balinivua biatu. Mujomba alianza mbali: njia, treni, baridi ya Ndola. Alizunguka sana mbele ya kufika. Monika alikufa mu kuzaa. Balikwisha kumuzika. Mutoto iko muzima. Mwanamuke.
Mwape njo alilia wa kwanza. Sasa alikuwa na ruhusa.

Siku ya ine, 12 juin
Matanga. Nyumba inajaa, miye niko peke yangu. Niliuliza mutoto atakuya lini. Mujomba alishangaa kabisa. Kwao mutoto ni wa mama na wa bajomba. Kwetu Baluba mutoto ni wa baba. Yaya alipiga kelele, alitaja bankambo bote. Mujomba alimungojea amalize. Kisha akasema polepole: mulipokuya kuoa, mulijua munaoa wapi. Hakuwa mubaya. Angekuwa mubaya, ningepata mahali pa kugombana. Na mutoto anataka maziwa. Miye niko na nini? Nilishindwa.

Siku ya posho, 14 juin
Mwape alikuya, akaikala karibu yangu. Kingereza hatukuigusa. Sitaenda Ndola. Kufanya kazi kule kwa ajili ya nani? Bajomba batanionyesha mutoto sawa vile banaonyesha mugeni. Mambo inakwisha.

Siku ya Mungu, 15 juin
Matanga imekwisha. Mujomba alirudia na treni ya asubui. Nilimusindikiza mpaka gare. Jana nilinunua blanketi kidogo kwa Mugreki wa duka, nikamupa mujomba apelekee mutoto. Alinishika na mikono mibili. Treni ilienda. Nilirudi kwa miguu, pole pole. Nilikuwa ninavua koti, yaya akaniuliza banamuita mutoto jina gani.
Sikuuliza.