Ubongo Unaolipuka Kila Ijumaa

Ribeirão Preto,
17 Agosti 2023

Mpendwa Shangazi Zoraide,

Kwanza naomba baraka zako, kama Mama alivyonizoesha. Hujambo huko Belém? Goti limepoa? Na mwanao Caetano, mdogo wangu, bado anamaliza uji wote wa matunda ya açaí kabla wenzake hawajakaa mezani? Sisi huku tu wazima, ila vumbi la Agosti linatukohoza.

Uliniuliza ni kazi gani hii isiyoniachia hata nafasi ya kuolewa. Haya! Naunda ubongo mdogo ndani ya kompyuta. Seli moja ikishtuka, inazishtua jirani zake. Zikishtuana kidogo mno, habari inafia njiani. Zikizidi, zinawaka zote kwa pamoja, nasi husema ubongo umelipuka. Ubongo wenye afya hukaa katikati, karibu kabisa na hatari, na mimi nataka kujua unawezaje.

Maabara yetu ina desturi: Ijumaa, ambaye ubongo wake umelipuka huleta keki ya kunywea kahawa. Nimeoka keki za mahindi mpaka mwenzangu Gilmar akaniambia, "Jandira dada yangu, usifaulu bwana, tutakufa njaa!" Mjinga yule.

Kosa langu lilikuwa hili: ili kompyuta ifanye haraka, nilinakili seli za aina moja tu, maelfu kwa maelfu. Wiki iliyopita nikachanganya: zenye pupa, zinazochoka mapema, na zile zinazozituliza nyingine. Weee! Mawimbi ya mishtuko yakapita, makubwa kwa madogo, bila kuzima wala kulipuka. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio. Kwa nini mchanganyiko ndio unaoshika? Sijui bado, na swali hilo linaninyima usingizi.

Sasa barua yako. Unasema umempunguzia Caetano dawa za kifafa kwa sababu anasinzia darasani, na kwamba hata hivyo kazi yangu itamponya. Shangazi, hapana. Niliposoma niliogopa sana. Kazi yangu bado ni mchezo wa namba. Mpeleke kwa daktari wake mara moja, mweleze yote, yeye ndiye abadilishe dawa. Usipunguze mwenyewe, nakusihi.

Jana nilizidhoofisha kusudi zile seli za kutuliza, nione. Kila kitu kiliwaka kwa mpigo, kama kifafa kinapomshika mtu, nami nikaizima kompyuta, nikaanza upya. Caetano tunaye mmoja tu.

Nisalimie Baba Caetano na dada Iracema. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Wako akupendaye na anayesubiri simu yako,
Jandira