Peugeot Iliyong'aa Mno

Hilda, nimeshika barua ya onyo aliyopewa babu Wenceslaus mwaka 1974. Kichefuchefu kitupu!

Babu alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge huku Kilosa. Ile Peugeot nyeusi ukiitazama juani ilijaa mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui. Babu akaisugua kivulini siku mbili nzima, kwa pamba safi na polishi, taratibu, mpaka ikawa kioo.

Meneja kuiona tu, akaruka. "Wensi, inang'aa mno! Leo nahutubia kijiji cha ujamaa Masanze. Wataniita naizesheni, bwana mkubwa aliyerithi kiti cha mzungu, mnyonyaji! Isugue kwa mchanga."

Kwa mchanga, Hilda! Mchanga na burashi ya katani! Babu akasugua huku machozi yanamlengalenga.

Mkutanoni yule bwana akapigapiga boneti: "Tazameni, ndugu zangu, gari limechakaa kwa kuwatumikia!" Na makofi akapigiwa!!

Kesho yake ndiyo barua hii, sahihi ya meneja huyohuyo: "Ndugu Wenceslaus, umekwaruza mali ya umma kwa uzembe. Ondoa mikwaruzo yote kabla ya Ijumaa."

Kwa UZEMBE!

Nikamuuliza babu, ukaiondoa? Akacheka. "Yote. Ya mlangoni kwake tu nikamwachia, awe anaiona kila akipanda."